Wapaka hina nao ni wasanii

Korona ilipofunga majumba ya sanaa hapa Uingereza mwaka 2020, Arts Council England, shirika la kitaifa linalofadhili sanaa, ilitoa pauni milioni 160 za dharura. Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka ule ikafutwa, na badala yake wasanii 10 wakapewa pauni 10,000 kila mmoja. Sisemi fedha hizo zilimfikia kila aliyestahili. Lakini ilijulikana kwamba kuna watu wanaokula kwa sanaa, na sanaa ikisimama, chungu nacho hakipandi jikoni.

Kenya nayo ilitangaza shilingi milioni 100 za wasanii. Tatizo ni nani anayehesabiwa kuwa msanii. Waliotajwa ni wanamuziki na waigizaji.

Mji wa Kale, Mombasa, ulifungwa tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani imefika kati, hakuna kutoka wala kuingia. Kwa anayeujua mtaa ule, kumi la mwisho ndilo msimu wa hina. Mamangu mdogo amesomesha wanawe kwa kazi hiyo. Huuchunga unga kwa kitambaa chepesi, akaukanda kwa ndimu na mafuta, akaulaza usiku kucha. Kisha hujaza koni, akaanzia kidole cha shahada na kuteremsha maua mpaka kifundoni, bila kuchora alama yoyote kwanza. Nimeona watu waliosomea uchoraji wasioweza mstari ule. Mwaka ule Idi ilimkuta na unga wake koponi. Mikusanyiko ilikatazwa, kwa hiyo harusi za kumfidia hazikuwapo, na mshona kofia na mpamba bibi harusi walikuwa hali moja naye. Hakuna aliyewabishia hodi kuwauliza kama wasanii.

Mwaka 2021 jumba la sanaa la Tate Modern, London, lilifungua maonyesho makubwa ya mchoraji Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Turner, mwaka 2017. Miaka na miaka amekuwa akiwapa majina na sura watumwa na watumishi waliofutwa na historia, na leso, yaani kanga, ni kitu anachokirudia katika kazi zake. Machozi yalinitoka, kwa fahari. Kisha nikaona uchungu, kwa sababu mtu wa Pwani hahitaji kufunzwa leso. Pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yaliyoandikwa juu yake) tumezaliwa navyo. Mwanamke aliyefungiwa na kafyu pamoja na mume mkali anaweza kujifunga leso yenye jina la kumsema, na mume akasoma akanyamaza. Kwa hili nyumbani tumewashinda wa huku: kwetu maneno humfikia yuleyule aliyekusudiwa, si mgeni aliyekata tikiti.

Ila kusifiwa hakulipi kodi ya nyumba, na mimi nimechoka kusikia kazi za wanawake zikiitwa mila kila zinapotakiwa kulipwa. Serikali ya kaunti iwaandikishe wapaka hina, washona kofia na waimbaji wa vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, kama wasanii, sasa hivi, kabla hayajaja maradhi mengine. Na watakaotumwa kuwaandika wawe wanawake, maana nyumba nyingi za Mji wa Kale mwanamume mgeni huishia dakani, pale mlangoni, na hina hupakwa ndani.