Vioo vizuri, lakini tuwakumbuke na ndege
Mwandishi wa makala moja amesifu majengo ya vioo yanayochipuka Dodoma, na mimi nayafurahia. Ila habari ya ndege wanaojigonga kwenye vioo hivyo hakuigusa kabisa. Jengo ninalofanyia kazi lina kioo kikubwa kinachotazamana na mgunga. Juzi asubuhi nimeokota tetere chini yake, bado ana joto. Juu kwenye kioo ilibaki alama ya unga wa manyoya yake, mabawa yote mawili yamekunjuliwa. Iliniuma sana. Ndege haoni kioo, anaona mti na mbingu, basi anaurukia mti.

Dawa ipo. Chicago, Marekani, Oktoba 2023, karibu ndege 1,000 walikufa kwa usiku mmoja kwenye jengo la mikutano la McCormick Place. Mwaka uliofuata vioo vikabandikwa vidoti, vifo vikashuka mno. Vidoti vikae upande wa nje, vikiachana kama sentimita 5 tu. Picha moja ya mwewe ya kuwatisha, katikati ya dirisha, haisaidii. Wasanifu wetu, tafadhalini, wekeni jambo hili kwenye michoro sasa, kabla kioo hakijaagizwa. Na usiku taa za ofisi tupu zizimwe, maana nazo huwavuta ndege.