Mkubwa Apimwe na Nani?

Mwezi Juni, mwaka wa fedha unapofungwa nchini Uganda, wakuu wa idara za serikali hubanwa na mambo mawili: kumaliza bajeti na kujaza fomu za tathmini. Zamani mkubwa aliandika ripoti ya siri juu ya mdogo wake, na mdogo hakuiona kamwe. Utaratibu huo uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku hizi wawili hao hukubaliana malengo mapema, kisha mwisho wa mwaka huyapitia pamoja na kutia sahihi. Ni hatua nzuri. Hata hivyo, fomu bado inaelekea juu tu. Mkuu wa kituo cha afya hupimwa na wilaya, na mkuu wa wilaya hupimwa na walio juu yake. Muuguzi anayeishi na maamuzi ya mkuu wa kituo kila siku hana mahali pa kuandika neno.

Je, walio chini nao waulizwe? Mimi nasema ndiyo, ila kwa masharti.

Tuwasikilize kwanza wanaopinga, kwa sababu hoja yao si ya kupuuzwa. Wao wanataka kiongozi apimwe kwa hesabu: watoto wangapi wamechanjwa, barabara ya gombolola (kata) imetengenezwa hadi wapi, fedha zimetumika kiasi gani. Hesabu haina shemeji. Pia haiogopi kumuudhi mtu, ilhali wafanyakazi wanaweza kumpa alama mbaya bosi ambaye kosa lake ni kuwazuia wasitoroke kazini saa nane mchana. Ukiwaachia wafanyakazi wampime mkubwa wao, utapata viongozi wapole na ofisi tupu.

Tatizo ni kwamba hesabu nayo huchezewa. Chukua mashine za alama za vidole zilizofungwa katika baadhi ya ofisi na hospitali za serikali ili kukomesha utoro. Mtu anaweza kubonyeza kidole asubuhi, akaenda kwenye duka lake la dawa, akarudi jioni kubonyeza tena. Ripoti ya mwezi itaonyesha mahudhurio safi, na mkuu wake atapata alama. Anayejua kwamba chumba cha dawa kilikuwa kimefungwa tangu saa nne ni mgonjwa aliyekaa kwenye benchi, pamoja na mhudumu aliyebaki peke yake.

Ushahidi wa kupimwa kutoka chini tunao hapa hapa nyumbani, na unavuta pande mbili. Watafiti Martina Björkman na Jakob Svensson walichapisha mwaka 2009 matokeo ya jaribio lililohusisha vituo vya afya vya umma 50 katika wilaya 9 za Uganda. Kwa nusu ya vituo hivyo, wananchi walipewa taarifa ya hali ya kituo chao, watumishi wakakaa peke yao kujichunguza, kisha pande zote mbili zikakutana na kuandika mpango wa marekebisho. Baada ya mwaka mmoja vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa takriban thuluthi moja, ukilinganisha na vituo vingine. Ni matokeo makubwa mno kwa kitu kilichoanza na vikao.

Baadaye Pia Raffler, Daniel Posner na Doug Parkerson walijaribu jambo linalofanana na hilo kwa upana zaidi, katika vituo 376 vya wilaya 16. Huduma iliboreka kidogo na wagonjwa wakaridhika kidogo zaidi, lakini vifo vya watoto havikupungua kwa sababu ya vikao hivyo. Wapenzi wa hesabu wakipata habari hii husema: mnaona? Kuwauliza watu ni kupoteza muda.

Mimi nayasoma matokeo hayo mawili tofauti. Katika jaribio la kwanza, mengi yaliyobadilika yalikuwa mikononi mwa kituo chenyewe: sanduku la maoni, kadi za namba za foleni, tangazo ukutani kwamba huduma ni bure, watumishi kufika kazini. Kufikia jaribio la pili, hali ya afya nchini ilikuwa imeshapanda, na nadhani yale mepesi yalikuwa yamepungua. Yaliyobaki ni mazito. Dawa huletwa na Bohari ya Taifa ya Dawa kwa ratiba yake, na mkuu wa kituo hawezi kuiharakisha hata akijirekebisha vipi. Kumpima mtu kwa asichokishika ni kumfundisha visingizio. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba walio chini waulizwe juu ya yale ambayo kiongozi mwenyewe anaweza kuyageuza.

Sharti la pili ni namna ya kuuliza. Katika jeshi na polisi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kazi, mkubwa akiuliza "Mnanionaje?" atajibiwa "Yote sawa, afande." Ofisi za kiraia nazo haziko mbali na hapo. Swali lenyewe ndilo bovu, kwa maana linamtaka mdogo ahukumu tabia ya mkubwa usoni pake. Bora aulize: mwezi uliopita, ni agizo gani langu lililowapotezea muda? Hapo muuguzi hatahitaji kusema "wewe ni mkali." Atasema kikao cha Jumatatu huanza saa ile ile akina mama wajawazito wanapojaa kliniki. Hilo linarekebishika wiki hiyo hiyo, na lisiporekebishwa, mkuu asitarajie jibu la kweli safari nyingine.

Kuna kasoro ambayo hata masharti hayo hayaiponyi, nayo ni uhamisho. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, ofisa mtawala mkuu wa wilaya, yule tunayemwita CAO, huteuliwa kutoka Kampala, na huweza kupelekwa wilaya nyingine kabla marekebisho yake hayajazaa. Anayefuata hukabidhiwa magari, majengo, akaunti na madeni. Kile mtangulizi alichojaribu, kilichoshindikana, na kilichowachosha wafanyakazi, hakimo kwenye makabidhiano, labda apenyezewe na dereva. Karatasi moja ingetosha, mradi anayeondoka aiandike pamoja na watumishi anaowaacha.