Majani ya Mwarobaini Hayaifanyi Zinki Kuwa Salama

Wiki hii nimesoma tena utafiti kuhusu bandeji ya kidonda iliyotengenezwa kwa kitosani (nyuzi asilia zitokazo kwenye maganda ya kamba na kaa) na chembe ndogo sana za oksidi ya zinki, ambao waandishi wake wanahitimisha kwamba bandeji hiyo haina madhara kwa kuwa chembe zilipatikana kwa maji ya majani ya mwarobaini. Hitimisho hilo linanikera sana, kwa sababu atakayefungwa bandeji hiyo ni mgonjwa.

Oksidi ya zinki huua bakteria kwa kuachia ioni za zinki (atomi zake zenye chaji ya umeme) na kuzalisha aina za oksijeni zinazoharibu utando wa seli, na ioni hizo hazibagui kati ya bakteria na seli ya ngozi inayojitahidi kuziba kidonda. Kinachoamua usalama ni kiasi cha zinki kinachotoka na kasi yake. Majani husaidia chembe kuundwa, kisha huacha juu yake mabaki ya mmea yanayotofautiana kati ya mti na mti, na kati ya masika na kiangazi.

Hata lile duara safi kwenye sahani ya bakteria, yaani eneo linalozunguka bandeji ambapo bakteria hawakuota, ambalo hupigwa picha kwa fahari, halithibitishi mengi. Kitosani huyeyushwa kwa asidi asetiki hafifu, na asidi hiyohiyo huyeyusha oksidi ya zinki, tena yenyewe huua bakteria. Kwa hiyo asiyeiondoa asidi hiyo na kupima pamoja na kitosani kitupu hawezi kujua ni kipi kilichofanya kazi.

Nakubali kwamba njia ya majani hupunguza kemikali kali na gharama, na maabara zetu zinahitaji nafuu hiyo. Lakini ferumoksitoli, dawa ya sindano ya upungufu wa damu iliyo chembe za oksidi ya chuma zilizofunikwa kwa kabohaidreti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 baada ya majaribio kwa wagonjwa, na bado mwaka 2015 ikawekewa onyo kali kuliko yote kwa sababu ya mzio unaoweza kuua. Ikiwa dawa iliyopimwa kiasi hicho ilihitaji onyo, sisi tunapata wapi ujasiri wa kuandika “salama” bila kugusa seli hata moja ya binadamu?

Nawasihi wasimamizi wa tasnifu wasipitishe neno hilo mpaka matokeo ya seli za ngozi, kwa utaratibu wa ISO 10993-5 (kiwango cha kimataifa cha kupima kama kifaa cha tiba kinadhuru seli), yawe katika jedwali moja na ya bakteria, kwa kipimo kilekile cha zinki.