Bomba Lililopanda Mlima Bila Ruhusa

Faili la ramani liitwalo shepufaili halitembei peke yake. Jina lake ni la umoja, lakini kwa kweli ni kundi la mafaili yenye jina moja na mikia tofauti: la shp hubeba maumbo, la shx hubeba faharasa ya maumbo hayo, la dbf hubeba jedwali la maelezo, na la prj, ambalo mara nyingi halizidi herufi mia chache, husema namba zote hizo zimepimwa kwa mfumo gani. Muundo huu ulibuniwa na kampuni ya Esri ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nina hakika kwamba waliobuni hawakumfikiria katibu wa jumuiya ya watumia maji ya kijiji kimoja cha miteremkoni, juu ya mji wa Moshi, ambaye ujana wake wote alikuwa mtunza stoo na ambaye hapati usingizi akijua kuna kitu mahali fulani kimekaa bure.

Jumuiya ilikuwa imeniomba niwaonyeshe wanakijiji ramani ya bomba kuu na vituo vya kuchotea maji. Mkutano ulikuwa saa nane mchana, na flashi yenye mafaili ilinifikia saa saba na nusu, mkononi mwa Katibu, aliyekuwa na uso wa mtu aliyetenda wema.

"Nimekusafishia, Mtaalamu," aliniambia. "Kulikuwa na vifaili vidogo vidogo, hata kilobaiti moja havifiki. Vilikuwa vinajaza nafasi tu."

Flashi ilikuwa ya gigabaiti 32.

Tulitundika shuka ukutani katika ofisi ya kijiji, tukawasha projekta ya kuazima, nami nikafungua QGIS, programu huria ya ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila kulipa hata senti, nikaweka ramani ya OpenStreetMap kama usuli kwa kutumia intaneti ya simu. Kisha nikaingiza jedwali la vituo vya maji, ambalo vijana wa kijiji walikuwa wamelikusanya kwa simu zao. Vituo vikatokea vyote, vikiwa vimekaa pamoja kwa adabu, katikati ya rangi ya buluu.

"Hapo ni wapi, kijana wangu?" aliuliza mzee mmoja wa mstari wa mbele.

"Ni Bahari ya Mediterania, Mzee. Kaskazini kidogo ya jiji la Algiers."

Fundi bomba, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilaumiwa kwa mgao wa maji, alisimama bila kuombwa. "Wanakijiji, mmejionea wenyewe," alisema. "Mlitaka presha itoke wapi?"

Sababu haikuwa ngumu kuipata. Programu hutarajia X iwe longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi, na Y iwe latitudo. Vijana wetu, kama tulivyofundishwa sote katika somo la jiografia, walitanguliza latitudo, na kwa kuwa X hutangulia Y, wakaipa latitudo jina la X. Nilibadilisha safu hizo mbili, vituo vikaruka kutoka baharini na kutua kaskazini mwa Kenya, upande wa North Horr na jangwa la Chalbi.

"Angalau tumeingia Afrika Mashariki," alisema Mwenyekiti, akijaribu kulinda heshima ya mkutano.

"Viacheni huko huko," alisema Mama Mweka Hazina. "Wenzetu wanavihitaji kuliko sisi."

Kijiji chetu kiko latitudo ya nyuzi 3.28 kusini ya ikweta, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Katika jedwali lililokuwa mbele yangu hapakuwa na alama hiyo hata moja. Niligeuka kumtazama Katibu, naye akajibu kabla sijauliza.

"Zile alama niliziondoa mimi mwenyewe," alisema kwa sauti ya mtu anayesubiri kupongezwa. "Kila kituo kilikuwa na alama ya kutoa, kana kwamba kinadaiwa. Mtaalamu, mimi ndiye ninayeandika vitabu vya jumuiya hii, na vituo vyetu havidaiwi."

Nilizidisha safu nzima kwa kutoa moja, vituo vikavuka ikweta na kurudi nyumbani, kila kimoja kando ya njia yake. Watu walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa Katibu. Ndipo akaomba tabaka hilo la ramani, yaani vituo pamoja na jedwali lake, lihifadhiwe kama shepufaili, kwa sababu ndivyo kumbukumbu za ofisi zilivyo. Shepufaili halikubali jina la safu lenye herufi zaidi ya kumi, kwa hiyo safu ya IDADI_YA_WANAUME ilikatwa ikawa IDADI_YA_W, na ile ya IDADI_YA_WANAWAKE, kwa kuwa ingekatwa ikafanana na mwenzake, ikapewa na programu jina la IDADI_YA_1. Upande wa akina mama ulilipokea jambo hilo kwa vigelegele, na maelezo yangu kuhusu ukomo wa herufi hayakusikika.

Likabaki bomba kuu. Hili lilikuwa limechorwa zamani kutoka kwenye karatasi za ramani za serikali, zile za kipimo cha 1:50,000, na lilipofunguka, pembeni ya jina lake kulikuwa na alama ya kuuliza. Programu ilikuwa inataka kujua namba hizi ni za mfumo gani, na jibu lilikuwa ndani ya lile faili la prj lililofutwa kwa kukosa kazi. Kijana wa kidato cha sita aliyeshika kipanya alikuwa anajua kwamba Kilimanjaro iko katika kanda ya 37 ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za kutoka kaskazini hadi kusini na kupima kwa mita, akachagua kanda ya 37 ya kwanza aliyoiona, ambayo ni ya kaskazini. Sasa, katika kanda za kusini ikweta huhesabiwa kuwa mita 10,000,000 na namba hupungua kadiri unavyokwenda kusini, lakini katika kanda za kaskazini ikweta ni sifuri. Bomba letu, lenye namba ya mita milioni 9.6, likaenda kulala ndani ya Bahari ya Aktiki, kilomita zipatazo 400 kutoka Ncha ya Kaskazini. Watu hawakushtuka hata kidogo. Safari za siku hiyo zilikuwa zimeshawazoesha.

Kijana akachagua kanda ya 37 ya kusini, yenye msingi (yaani umbo la dunia ambalo vipimo vyote huanzia) wa WGS 84 unaotumiwa na GPS, na bomba likashuka kijijini. Ningependa kusema kwamba hapo ndipo mkutano ulipokwisha. Lakini yule mzee wa mstari wa mbele aliinuka, akasogea hadi kwenye shuka, akaweka fimbo yake juu ya ukuta.

"Hiki ni kihamba changu," alisema. "Na bomba hili linapita katikati ya migomba yangu. Nani aliniomba ruhusa? Ninadai fidia."

Jirani yake wa upande wa chini, ambaye bomba hupita shambani kwake kila siku ya Mungu na ambaye alikuwa na kesi ya kulikata kwa jembe, naye aliinuka haraka. "Mangi, mimi nakuunga mkono," alisema. "Ramani imeonyesha wazi kwamba kwangu halijawahi kupita."

Nililazimika kueleza, kwa utulivu wote nilionao, kwamba ramani za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ambao umbo lake la dunia ni lile la Clarke la mwaka 1880, na kwamba ukizisoma namba zake kana kwamba ni za WGS 84, kila kitu husogea mita 300 hivi kaskazini na karibu mita 90 magharibi. Kaskazini yetu ni mlimani. Nilichagua mfumo wenye namba 21037, yaani Arc 1960 kwa kanda ya 37 ya kusini, nikabofya, na mbele ya macho ya wote bomba likateremka kutoka kwenye migomba ya mzee na kurudi kwa jirani yake, likapita sawasawa kwenye vituo vyote.

"Limehamishwa!" alisema jirani. "Mmeona wenyewe linahamishwa!"

"Na muda wote lilipokuwa kwangu," aliuliza mzee, "nani analipia?"

Mwenyekiti alifunga mjadala saa kumi na moja. Muhtasari, kwa mwandiko nadhifu wa Katibu, unasomeka kwamba wajumbe waliarifiwa kuwa bomba limerudi mahali pake, kwamba fidia ya dakika lilizokaa kwingine haitalipwa, na kwamba wajumbe wawili waliomba iandikwe kuwa hawakuridhika.