Mama wa Oregon na Wanawake Waliompa Ngozi

Mwaka 1987 Bunge la jimbo la Oregon, Marekani, lilimtunuku Tabitha Moffatt Brown jina la Mama wa Oregon. Jina hilo linamlazimu kila anayemwandikia kibao cha kumbukumbu kujiuliza ni akina nani wengine wanaostahili kutajwa.

Wanaotaka asifiwe bila nyongeza yoyote wana hoja nzito. Brown alifiwa na mumewe, mchungaji, mwaka 1817, akawalea watoto wake kwa kazi ya ualimu, na mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 66, akafunga safari ya kwenda Oregon kwa magari ya kukokotwa na maksai. Alifika Salem siku ya Krismasi, karibu mali yake yote ikiwa imepotelea njiani. Katika kidole cha glovu yake alikuta sarafu ya senti 6 na robo. Akanunua sindano 3, akashona glovu za ngozi na kuziuza. Baadaye, akishirikiana na Mchungaji Harvey Clark, alianzisha huko Forest Grove makao na shule ya yatima iliyozaa Chuo Kikuu cha Pacific. Kumtwisha mjane huyu dhuluma dhidi ya wenyeji asilia wa Oregon, iliyopangwa na wenye mamlaka, ni kumwonea.

Hata hivyo, barua yake mwenyewe ya mwaka 1854 inasema zaidi ya hayo. Ngozi zile alizipata kwa wanawake wenyeji, aliobadilishana nao nguo zake kuukuu, na biashara ya glovu ikampatia zaidi ya dola 30. Inasikitisha kwamba masimulizi mengi huzikumbuka sindano na kuwasahau wanawake hao. Mwaka 1855 Wakalapuya, wenyeji wa bonde la Willamette huko Oregon, waliachia ardhi yao kwa mkataba, na mwaka uliofuata wakahamishiwa Grand Ronde, eneo lililotengwa kwa ajili ya wenyeji. Kisha mwaka 1880 ikafunguliwa Forest Grove, kwenye ardhi ya chuo kilekile, shule ya bweni ya serikali iliyokusudiwa kuwatenga watoto wa wenyeji na lugha na mila zao. Brown hahusiki na hilo, kwa kuwa alifariki mwaka 1858, lakini mahali panapobeba sifa yake panahusika.

Kwa hiyo siungi mkono kumwondolea heshima, wala sikubali kwamba kibao hakina nafasi ya kuwataja wenyeji. Mistari miwili inatosha kueleza kwamba ngozi zilitoka kwa wanawake wenyeji, na kwamba miaka 10 baada ya Brown kuwasili, Wakalapuya walihamishwa kutoka bonde hilo.