Mtaa Unaoweza Msiba Hauwezi Kushindwa na Mtaro

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita, kabla jua halijachomoza sawasawa, gari lenye kipaza sauti lilipita mtaani kwetu likitangaza kwamba maduka yasifunguliwe hadi saa nne asubuhi, kwamba kila kaya itoe mtu wa kufanya usafi, na kwamba atakayekaidi atatozwa faini. Nilitoka na beleshi langu. Katika mtaro unaopita nyuma ya nyumba yetu, ambao ukiufuata hadi mwisho unakufikisha Mto Ng'ombe hapa Dar es Salaam, tulikutana watu kumi na mmoja, wanne kati yetu wakiwa watoto waliokuja kutazama. Mwenye duka la jirani alikuwa ameshusha mlango wa chuma nusu, ameketi ndani na kikombe cha chai ya rangi. Nilipomsalimia kupitia upenyo alinijibu bila haya yoyote: "Kaka, mimi nimefunga. Usafi wangu ndio huo."

Ningemlaumu kwa urahisi kama nisingekuwa nimemwona wiki tatu kabla ya siku hiyo. Usiku wa Jumanne mzee mmoja wa mtaa alifariki, na kabla ya adhana ya alfajiri turubai lilikuwa limefungwa juu ya njia, viti vya plastiki vimeshushwa kwenye mkokoteni, na masufuria makubwa ya kikundi cha kufa na kuzikana yako juu ya mafiga. Mwenye duka huyohuyo ndiye aliyetoa mchele na sukari kwa mkopo, akaandika mwenyewe, kisha akavua shati akaenda kuchimba kaburi. Kina mama waligawana kazi bila kikao: hawa wa kuchambua mchele, hawa wa kukuna nazi, wale wa kukaa na wafiwa. Chini ya mwarobaini aliketi mzee mwenye daftari la jalada gumu, na kila aliyetoa mchango alitajwa jina lake kwa sauti kabla ya kuandikwa. Hakuna gari lililopita kututangazia. Hakuna aliyetajiwa faini.

Kwa hiyo nikisikia inasemwa, redioni na vikaoni, kwamba watu wa mjini wamepoteza moyo wa kujitolea, kwamba kila mtu siku hizi yuko na geti lake, sikubaliani. Moyo upo, tena wa ziada. Tunachokosa katika kazi za mtaa ni vitu vitatu ambavyo msiba unavyo bila kuombwa: kila mtu kujua kazi yake, mzigo kuwa na mahali pa kwenda, na hesabu kusomwa mbele ya waliotoa.

Watu wazima tunaikumbuka tarehe 9 Desemba 2015. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Dar es Salaam tangu Agosti mwaka huo, na Rais John Magufuli, ambaye alikuwa na mwezi mmoja tu madarakani, alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima. Yeye mwenyewe alionekana akizoa taka karibu na soko la samaki la Feri. Siku ile mitaro ya Dar es Salaam iliona watu ambao haijawaona tena. Sababu haikuwa amri peke yake, maana amri tunazo hadi leo. Ugonjwa ulikuwa mlangoni, na kila mtu alielewa anachimba nini na kwa nini. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa desturi ya kiserikali, na kama ilivyo kwa desturi nyingi za namna hiyo, ikabakiwa na tangazo na faini.

Wapo wanaopenda kututajia Rwanda, ambako umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, hufanyika Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi na watu wazima wote hadi umri wa miaka 65 wanatarajiwa kushiriki. Wanasifu barabara za Kigali, na wanasifu ukali wa sheria. Sehemu ninayoipenda mimi husahaulika: kazi ikiisha, watu hawatawanyiki, bali hukaa wakazungumza mambo ya eneo lao. Sisi tumechukua nusu ya utaratibu huo, tena nusu yenye jasho.

Sasa niseme kuhusu mzigo, kwa sababu hapo ndipo kazi yetu hufia. Asubuhi ile tulitoa kwenye mtaro matope meusi mazito kama uji wa ulezi uliolala, na ndani yake chupa za maji zisizohesabika, nepi za watoto, kandambili moja moja, nyavu za chandarua, na godoro la sponji lililokuwa limenywa maji hata ikabidi watu wanne tulivute kwa kamba. Viroba tulivyokuja navyo vikajaa katika muda wa nusu saa. Tukaanza kuyarundika matope kando ya mtaro, juu ya ukingo uleule ambao mvua huusomba kwanza. Mama anayeuza vitumbua pale kwenye kona, ambaye alikuwa amesimama na karai lake akitutazama kwa huruma, aliniuliza: "Mwanangu, gari linakuja saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa nalo, akiwamo aliyetutangazia. Taka za jiji hili huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, mwendo mrefu kwa gari lililojaa, na wala si mahali ambapo mtu anaweza kwenda na toroli. Jumatano mvua ilinyesha, na godoro likarudi mtaroni, safari hii likiwa limelala kwa upana.

Nadhani hapo ndipo mwenye duka anapotushinda kwa hoja. Yeye si mvivu. Amefanya hesabu ya mfanyabiashara. Ameona mara kadhaa kazi ya asubuhi nzima ikirudi ilikotoka ndani ya wiki moja, akaamua kwamba gharama ya kushusha mlango ni ndogo kuliko gharama ya kuchafuka bure. Msibani haogopi kuchafuka kwa sababu anajua marehemu akishazikwa amezikwa.

Jambo hili halihusu mtaa mmoja. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata kadhaa za Dar es Salaam walizunguka na simu na karatasi katika mradi wa Ramani Huria, wakichora nyumba, njia na mitaro kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko, na ramani zile ziliwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzitumia. Kwangu hiyo ni kazi ya kujitolea yenye akili kuliko nyingi zilizopigiwa ngoma, kwa sababu ukiitazama ramani ya mitaro unaona mara moja kwamba mtaro haujui mpaka wa mtaa. Tukisukuma taka zetu kwa fito hadi zivuke kalvati, tumewapelekea majirani wa chini. Nao wakisukuma, zinafika Mto Msimbazi, na Msimbazi ukishindwa kupumua tunajua sote kinachofuata. Waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011, wakapoteza ndugu na nyumba, na baadhi yao kuhamishiwa Mabwepande pembezoni mwa jiji, hawakuwa wamezembea kuliko sisi wa juu. Walikuwa mwisho wa mtaro tu.

Kuna namna nyingine ya matukio ya kujitolea ambayo imeongezeka, nayo sitaki kuidharau, ingawa inanichosha. Kundi la watu wema hufika na fulana mpya za rangi moja, bango, reki ambazo bado zina stika ya dukani, na mpiga picha. Hufanya kazi saa moja, na saa hiyo huifanya kweli. Kisha hugawa maji ya chupa na kuondoka. Mara moja nilihesabu chupa walizotuachia, lakini hayo tuyaache. Tatizo langu ni kwamba mtaa hugeuzwa kuwa uwanja na wenyeji kuwa watazamaji, na siku wageni wasipokuja, watu huanza kuamini kwamba usafi ni jambo linaloletwa kwa basi.

Linganisha na klabu za jogging, ambazo wasiozifahamu huzicheka kwa sababu ya kelele zake za alfajiri. Mwanachama ana ada, ana sare aliyoilipia mwenyewe, na akichelewa anatozwa faini ambayo yeye mwenyewe aliipigia kura. Wakimaliza kukimbia wana ratiba: leo kumtembelea mgonjwa, wiki ijayo kuchangia damu, mwezi ujao kufagia zahanati. Faini ni faini, lakini ile iliyotoka kwenye kikao chenu mnailipa mkicheka, na ile iliyotoka kwenye kipaza sauti mnaikimbia. Viongozi wetu wa mitaa wangejifunza mengi wakikaa asubuhi moja tu na mweka hazina wa klabu kama hizo.

Najua pingamizi litakalokuja: tunalipa ada ya taka kila mwezi, kwa nini tuingie mtaroni? Pingamizi hilo lina haki nusu yake. Gari, dampo na kalvati ni wajibu wa mamlaka zinazokusanya fedha zetu, na kujitolea kusitumiwe kufunika uzembe wao. Mwananchi aliyekwishalipia gari hapaswi kuambiwa abebe taka kichwani kwa jina la uzalendo. Lakini chupa iliyoingia mtaroni haikuletwa na mamlaka. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba tarehe ya kazi isitangazwe kabla gari halijathibitishwa. Ikiwa gari halipatikani, tusikutane. Ni afadhali mtaro ubaki ulivyo mwezi mmoja kuliko kuwafundisha watu kwa mara nyingine kwamba jasho lao halina maana, kwa sababu somo hilo huchukua miaka kulifuta.

Jumapili iliyopita tulijaribu kuanza upya, kimyakimya. Tuliketi watu saba barazani kwa mwenye duka, ambaye alikubali kutoa baraza ingawa bado hajaahidi mikono. Tumechagua kipande kimoja tu cha mtaro, kutoka kwenye kalvati hadi kwenye mwembe, na tumepata mwenye guta atakayebeba viroba hadi kwenye kontena la taka la barabara kuu kwa bei ya kila safari, bei ambayo itasomwa hadharani pamoja na michango siku hiyohiyo, palepale ukingoni. Mama wa vitumbua atakuwa msimamizi wa guta, kwa kuwa ndiye pekee aliyeuliza swali la maana.

Kilichobaki kilikuwa mtunza hesabu, na jina lililotajwa na kila mtu ni la mzee wa chini ya mwarobaini. Tulimwendea jioni, tukampa shikamoo zetu, tukamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akaifuta miwani yake kwa pindo la kanzu, akasema yuko tayari ila kwa sharti moja: tumnunulie daftari jipya, kwa sababu daftari la misiba haliandikwi taka.