Godoro Nalo Lina Nauli

Jamani, nani aliyeandika neno "godoro" kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga na chuo? Si kwa ubaya. Nataka nimtazame usoni tu. Kaandika neno moja, kaweka nukta, kaenda zake kunywa chai. Na sasa kila mwezi wa kumi na wa kumi na moja, boti ya Pemba ikifunga gati Malindi, bandari ya Unguja, wanashuka vijana wenye magodoro mabegani utadhani kisiwa kizima kinahama.

Mengine yote kwenye fomu hiyo yamefafanuliwa. Picha za pasipoti zimetajwa idadi, mpaka rangi ya nyuma imetajwa. Fomu ya daktari inataka damu, inataka mkojo, inataka macho, ingeweza ingetaka na ndoto. Godoro? "Godoro." Basi.

Sasa mama wa Kipemba akisomewa "godoro" hafikirii kitanda cha chuma cha dahalia, lile bweni la chuo. Anamfikiria mwanawe, ambaye tangu kuzaliwa hulala katanua mikono. Linanunuliwa la futi 3.5 kwa 6, unene inchi 8, maua makubwa ya zambarau. Kitanda cha ghorofa cha dahalia upana wake ni futi 2.5. Fanyeni hesabu, nyie ndio mliofaulu: inchi 42 ziingie kwenye inchi 30. Futi nzima haina pa kukaa. Upande mmoja inapanda ukutani, upande wa pili inapanda kwenye fito ya chuma, katikati panabonyea, na hapo ushapata ngalawa. Unalala humo kwa ubavu, mikono kifuani, usiku kucha unasubiri kuswaliwa.

Unene nao una mambo yake. Inchi 8 kwenye kitanda cha juu ni kujitafutia plasta. Ile fito ya pembeni imewekwa kwa hesabu ya godoro jembamba. Ukiweka nene, fito inakuwa sawasawa na mgongo wako, na ukigeuka saa nane za usiku hakuna cha kukuzuia isipokuwa sakafu. Inchi 4 nazo hazifai, maana semista haijesha unavihesabu vyuma vya kitanda kwa mbavu. Inchi 6, jamani. Dukani usilibonyeze kwa kidole kama unayechagua embe. Linyanyue. Yakiwa mawili ya kipimo kimoja, lililo zito ndilo lenye sponji ya maana. Kisha lipigie goti, uondoke. Likirudi upesi, nunua. Likibaki na shimo la goti lako, hilo waachie wenyewe dukani.

Na kama lishanunuliwa, na mdomo wa kumwambia mama huna, likate. Kisu cha mkate, kirefu, chenye meno. Livue foronya yake kwanza, chora mstari juu na chini, kata kwa kuvuta bila kukandamiza. Sponji ukiikandamiza inahama, ukiiachia inarudi, na mstari wako unatoka kama wa mlevi. Kile kipande cha futi 1 kwa 6 kinatoa mito mitatu ya futi mbili mbili. Mito mitatu! Rafiki chuoni hujapata hata mmoja, lakini mito unayo mitatu.

Kufunga. Hapa ndipo watu wanapodharau. Godoro halikunjwi, linaviringishwa, tena na watu wawili. Mmoja anaviringisha kuanzia miguuni huku anapiga magoti kila mzunguko ili hewa itoke, wa pili anafunga. Kamba tatu, mbili za mwishoni na moja ya katikati. Ukifunga ya katikati peke yake unapata kipepeo, na kipepeo huyo ataruka. Kamba za nailoni zinang'aa na zinapendeza, ndiyo, lakini zinateleza: sponji inasukuma kutoka ndani polepole, fundo linalegea, wewe hujui. Kamba ya usumba wa nazi haina uzuri, inachoma viganja, lakini inajing'ata yenyewe. Bibi zetu walioloweka makumbi pwani miaka yote walijua wanachofanya. Hatukuwauliza.

Haya, boti imefika. Kule mkondo wa Nungwi ulishavirejesha viazi vyote ulivyofungiwa na shangazi, unashuka huna rangi. Hamali anakutazama wewe, analitazama godoro, anakuita "bosi". Ukisikia hamali anakuita bosi, bei ishapanda. Mpatane kabla hajagusa kamba, maana akishaligusa mmeshaoana. Rikwama, mkokoteni wake, inakufikisha kwenye gari za shamba, na hapo ndipo elimu ya juu inapoanza.

Gari ni ile ya mbao, mabenchi pembeni, ndizi juu. Utingo ananing'inia kwa mkono mmoja. Anakuja, analizunguka godoro kama daktari wa ng'ombe.

"Hili nini?"

"Godoro."

"Naliona. Linakwenda wapi?"

"Chuoni. Tunakwenda pamoja."

"Basi nauli tatu. Yako moja, lake mbili."

Mwaka wa kwanza huwa bado ana heshima yake. Juzi tu kasomewa dua, kapewa shati jipya, ami yake kamwita msomi mbele ya watu. Anajikohoza. Anasema kwa Kiswahili cha taarifa ya habari kwamba nauli, kwa mujibu wa utaratibu, hutozwa abiria, na abiria ni mtu.

"Yakhe," anasema utingo, hana hasira hata kidogo, "likikaa ndani linachukua nafasi ya watu wawili. Likikaa juu linachukua nafasi ya mikungu. Sasa wewe nitafutie pahala litakapokaa lisichukue nafasi ya mtu, nilipakie bure."

"Lakini halina roho."

"Hata ndizi hazina roho, na zimelipa."

Gari zima limeshageuka kuwatazama. Bibi mmoja mwenye kapu la dagaa anasema, "Mwanangu, mpe tu twende, hawa dagaa hawasubiri." Mzee wa pembeni anasema wao walikwenda skuli na mkeka. Utingo anamjibu mkeka hauna nauli, na mzee anaridhika kama aliyeshinda kesi. Kila mmoja sasa ana rai yake. Mmoja anasema lisimamishwe wima mlangoni. Mwengine anauliza, basi watu watashukia wapi. Wa tatu anasema lilazwe juu ya mapaja ya watu, kila mtu achukue kipande, na yeye mwenyewe ndiye anayeshuka kituo cha mbele.

Hapo mwaka wa kwanza anatoa silaha yake ya mwisho. "Mimi ni mwanafunzi."

Utingo anamtazama kwa huruma ya kweli. "Wewe mwanafunzi, nakubali. Godoro linasoma nini?"

Basi. Gari nzima chini kwa kicheko, bibi wa dagaa anafuta machozi kwa ncha ya kanga, dereva anapiga honi kwa furaha. Heshima ya msomi imekwisha hapo, kwenye lami, kabla hajaona ubao wa darasa. Analipa mbili. Utingo, kwa wema, anamsamehe moja.

Linapanda juu ya keria. Limefungwa kwa ile nailoni, tena kipepeo. Mjini gari inakwenda kwa kusimama simama, hakuna tabu. Nyumba zikipungua na barabara ikinyooka, dereva anakanyaga, upepo unaingia kwenye tundu la mviringo, fundo lililolegea tangu bandari ya Mkoani, kule Pemba, linasalimu amri. Unasikia "puh". Halafu gari inavutwa nyuma kidogo, hivi, kama mtu kaishika. Utingo anagonga ubavu wa gari: "Simama! Simama! Mwalimu katweka tanga!"

Maua ya zambarau yote hadharani, njia nzima inasoma maua ya mama wa mtu. Wanashuka watu wanne kuliviringisha upya, bibi wa dagaa anaelekeza. Na kwa kuwa ni vuli, na kwa kuwa ile karatasi ya nailoni ya dukani uliichana Pemba ili watu waone ni jipya, mvua inakuja saa hiyo hiyo.

Sikilizeni. Karatasi ya nailoni iache mpaka chumbani. Ukishafika, ndiyo uivue, maana kuilalia ni jasho usiku kucha na ukungu kwa chini. Sponji ya inchi 8 ikinywa maji huibebi tena, inakubeba. Usiianike kwa kuilaza, juu patakauka na maji yatashuka yakae chini, wiki ya pili chumba kinanuka kama dema la kale. Ikandamize kwa magoti, anza mwisho mmoja uende mwingine, isimamishe kwa ubavu penye upepo, igeuze asubuhi na jioni. Siku tatu za jua, kama jua lipo. Siku hizo tatu unalala wapi, fomu haikusema.

Mimi nacheka, lakini nauliza kweli. "Futi 2.5 kwa 6, inchi 6." Hayo maneno yangekula wino gani? Kuna mtu kule kapanda mkarafuu alfajiri na mapema, kachuma kwa pishi, usiku kachambua, kaanika, kaanua mvua ilipotishia, kaanika tena, kauza, kanunua godoro la 3.5 kwa sababu hakuna aliyemwambia la 2.5. Pishi ngapi hizo zilizogeuzwa mito? Mnavyo vitanda nyinyi. Mnavijua upana. Pimeni, andikeni! Futi kamba ni bei ya andazi!

Ah. Tuendelee, moyo usije ukasimama.

Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Moh'd, cha kidato cha nne Mohamed, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi Mohammed. Watu watatu wanagombania kitanda kimoja, na kompyuta ile alama ya juu haiijui kabisa, inaiona kama mdudu. Dawa ni hati ya kiapo, kwa wakili au mahakamani, unaapa kwamba wote watatu ni wewe. Ipigwe muhuri, toa kopi nyingi, na ufanye kabla ya kupanda boti, kwa sababu vyeti utakavyohitaji vitakuwa Chake Chake kwenye sanduku la mama.

Usajili unataka risiti ya malipo. Kulipa kunataka namba ya malipo. Namba ya malipo inataka namba ya usajili. Namba ya usajili inatolewa dirisha la tatu, na dirisha la tatu lina kibao cha "Sala na Chakula" kilichokwenda kuswali Adhuhuri na bado kinashushia Alasiri. Bumu, ile pesa ya mkopo, nalo linasubiri usaini, kusaini kunasubiri usajili. Shikeni dagaa na mchele wa wiki mbili, msiseme sikusema.

Chandarua cha duara msibebe kama mtalala kitanda cha chini. Cha duara kinataka dari, na dari yako wewe ni mgongo wa mwenzako. Bebeni cha pembe nne, vikamba vinne vifungwe kwenye vyuma vya kitanda cha juu, ncha ziingie chini ya godoro. Aliye juu ajitafutie misumari, na kwenye fomu imeandikwa kupigilia misumari ni marufuku. Hilo waliandika.

Lakini linaloniua mimi ni ndoo. Fomu inasema "ndoo". Watu wanabeba ya lita 20, wanasahau kwamba lita 20 ni kilo 20 na bomba liko chini, chumba kiko ghorofa ya pili, na ngazi zimelowa kwa maji ya waliotangulia. Mbili za lita 10 zinafaa zaidi: mikono miwili inasawazika, huendi upande kama kaa, na moja ikiibiwa unabaki na ya kuogea. Na itaibiwa. Haisemwi kuibiwa, husemwa "imeazimwa". Jina la rangi linakwanguliwa kwa kisu. Jina la kalamu linatoka kwa sabuni. Kinachodumu ni kuuvika mpini ile kamba ya usumba iliyobaki kwenye godoro, mzunguko kwa mzunguko, umalize na fundo mbili. Ule waya haukati viganja tena, na ndoo yako unaijua kutoka mbali, hata ikiwa kwa mtu, hata ikiwa inatoka bafuni la upande wa pili, ya kijani, imejaa pomoni, mpini wa usumba, fundo mbili...

Yakhe! Yakhe we! Wa taulo! Hiyo ndoo umeazimwa na nani?